Kukusanya bahasha za Valentine zenye stempu za kale za Marekani: mwongozo kamili

Tulipokuwa watoto Tanga, kukusanya stempu maana yake ilikuwa kuloweka. Unachana kona ya bahasha iliyotoka kwa mjomba Muscat, unaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, unasubiri stempu ijibandue na kuelea, kisha unaianika juu ya gazeti. Bahasha inaenda jalalani. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kujua kwamba nilikuwa natupa nyama na kubaki na mfupa.

Leo naishi Massachusetts, na ninachokusanya ni bahasha nzima, stempu ikiwa palepale ilipobandikwa. Hasa zile bahasha ndogo za nakshi ambazo Wamarekani walizitumia kupelekeana kadi za Valentine tangu miaka ya 1840 hadi ya 1870. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kila nikimwonyesha ndugu au rafiki bahasha hizi, maswali huwa yaleyale: unazipata wapi, unajuaje si feki, na kwa nini hii umeilipia mara ishirini ya ile?

Jibu la swali la mwisho ndilo msingi wa kila kitu. Stempu, muhuri, ada iliyolipwa, karatasi ya bahasha na tarehe ni mashahidi watano. Wakisema jambo moja, nunua. Mmoja akiwapinga wenzake, rudisha bahasha mezani hata kama ni nzuri kama nini.

Hatua ya kwanza: jifunze ada kabla ya kujifunza stempu

Wengi huanza na picha za stempu. Mimi nasema anza na bei ya kutuma barua, maana ndiyo inayokuambia stempu gani ilipaswa kuwepo.

Kabla ya Julai 1845, posta ya Marekani ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, kwa hiyo watu waliona ni hasara. Waliikunja barua yenyewe, wakaibana kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni. Kuanzia tarehe 1 Julai 1845 posta ikaanza kupima uzito, nusu aunsi kwa nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi. Hapo ndipo bahasha ilipopata nafasi yake, na bahasha ya kadi ya mapenzi ikafuata nyuma.

Ziandike ada hizi kwenye kikaratasi na uzitembeze mfukoni:

- Julai 1845 hadi Juni 1851: senti 5 kwa maili 300 (kilomita 480 hivi) au chini yake, senti 10 zaidi ya hapo. Barua ya kuchukuliwa posta ileile ilikotumbukizwa: senti 2.
- Kuanzia Julai 1851: senti 3 ikilipiwa kabla, senti 5 ikiachwa ilipwe na mpokeaji, hadi maili 3,000. Barua ya posta ileile: senti 1.
- Kuanzia Aprili 1855: lazima mtumaji alipe kabla. Zaidi ya maili 3,000, kwa mfano New York kwenda California, senti 10. Januari 1856 stempu zenyewe zikawa lazima.
- Kuanzia Julai 1863: senti 3 nchi nzima bila kujali umbali. Barua ya ndani ya mji: senti 2.
- Oktoba 1883: senti 2.

Sasa angalia kitu kimoja kinachofurahisha kuhusu Valentine. Kadi za lesi zilikuwa nzito: karatasi ya lesi juu ya karatasi ya rangi, maua ya kubandika, wakati mwingine utepe wa hariri. Nyingi zilipita nusu aunsi. Kwa hiyo ukikuta bahasha ya miaka ya 1850 yenye stempu mbili za senti 3 pamoja, usidhani mtu amepamba. Kijana wa watu alifika posta, barua ikawekwa kwenye mizani, akaambiwa aongeze. Binafsi napenda bahasha za namna hii kuliko zote.

Hatua ya pili: hesabu misimu, si miaka

Hili sikufundishwa na mtu, nililigundua nikiwa nahesabu kwa vidole. Tarehe 14 Februari hutokea mara moja kwa mwaka. Stempu ambayo wengine wanasema ilitumika miaka minne, kwetu ilipata nafasi nne tu.

Stempu za kwanza za nchi nzima zilitoka tarehe 1 Julai 1847. Ya senti 5, ya kahawia, ina sura ya Benjamin Franklin. Ya senti 10, nyeusi, ina George Washington. Zilichapwa na Rawdon, Wright, Hatch & Edson wa New York na hazina meno, yaani vitundu vya ukingoni vya kuchania; zilikatwa kwa mkasi, ndiyo maana pambizo zake ni bahati ya mkono wa mkataji. Tarehe 1 Julai 1851 zilikoma kutumika kihalali. Hesabu: Valentine ya 1848, 1849, 1850 na 1851. Basi. Ukizingatia kwamba wakati huo kulipia kabla hakukuwa lazima, na watu wengi walilipa taslimu au walimwachia mpokeaji alipe, utaelewa kwa nini bahasha ya Valentine yenye Franklin wa 1847 ni kitu cha mnada wa heshima, na yenye Washington wa senti 10 ni kitu cha kuona makumbusho.

Kisha ikaja familia ya 1851, kazi ya Toppan, Carpenter, Casilear & Co. wa Philadelphia. Hapa ndipo nakushauri uanzie. Washington wa senti 3 alichapwa kwa mamia ya mamilioni, mwanzoni kwa rangi ya kahawia inayokaribia chungwa, halafu kwa wekundu uliofifia wa aina nyingi kiasi kwamba kuna watu wazima wanaogombana juu ya vivuli vyake. Franklin wa senti 1, wa buluu, alibandikwa kwenye barua za mjini na kwenye karatasi zilizochapwa zilizotumwa bila kufungwa. Za mwanzo hazina meno. Meno yalikuja 1857, Valentine ya mwaka huo ikiwa imeshapita. Stempu hizo zenye meno nazo zikaondolewa uhalali 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza na serikali ya Washington ikaogopa akiba ya stempu iliyobaki kwenye posta za majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kwa hiyo zenye meno zilipata 1858, 1859, 1860 na 1861. Nne tena.

Agosti 1861 kampuni ya National Bank Note ikatoa sura mpya, ya senti 3 ikiwa na rangi ya waridi. Julai 1863 akatoka Andrew Jackson wa senti 2, mweusi, uso umejaa stempu yote. Wakusanyaji humwita Black Jack. Huyo utamkuta sana kwenye Valentine za ndani ya mji, kuanzia msimu wa 1864.

Halafu kuna za 1869, zenye picha: mpanda farasi wa posta kwenye senti 2, garimoshi la buluu kwenye senti 3. Zilitoka Machi, watu hawakuzipenda, na mwaka 1870 zikapishwa na nyingine. Msimu wake halisi wa mapenzi ni mmoja tu, Februari 1870. Zilibaki halali, kwa hiyo masalia yalitumika baadaye, lakini ukikuta garimoshi kwenye bahasha ya nakshi, muhuri ukisoma Februari, kaa chini kwanza.

Za miji: kabla ya stempu za serikali kulikuwa na kampuni binafsi za kusambaza barua mjini. Stempu ya kwanza ya kubandika Marekani ilitolewa na City Despatch Post ya New York tarehe 1 Februari 1842, wiki mbili kabla ya Valentine. Philadelphia walikuwa na Blood's, New York wakawa pia na Boyd's. Stempu hizi juu ya bahasha ya Valentine zinatamaniwa sana, na kwa sababu hiyohiyo zimeghushiwa tangu zama hizo. Samuel Allan Taylor wa Boston alijenga jina lake kwa kuzichapa bandia. Kama wewe ni mgeni, zipite kwa mbali kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Hatua ya tatu: ijue bahasha yenyewe

Chukua bahasha ya Valentine ya miaka ya 1850 mkononi. Ni ndogo, nyingine haizidi kiganja. Ukipitisha kidole pembezoni unahisi nakshi zimebinuka: maua, majani ya mzabibu, vitoto vyenye mabawa, njiwa. Zilibonyezwa kwa ubapa wa chuma. Bora zaidi zilitoka Uingereza, kwa watu kama Dobbs, Mansell na De La Rue, na zikauzwa na wauza karatasi wa Boston, New York na Philadelphia. Ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirishani na kufuata nakshi polepole, mara nyingine utakuta jina la mtengenezaji limejificha kati ya majani, herufi ndogo kama punje za ufuta. Jina hilo huongeza thamani, na wauzaji wengi hawalioni.

Kwa kadi za Marekani, jina la kulijua ni Esther Howland wa Worcester, Massachusetts. Alimaliza masomo Mount Holyoke mwaka 1847. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Inasimuliwa kwamba alitengeneza sampuli chache akampa kaka yake aende nazo safari ya biashara, akitumaini oda za dola 200. Kaka akarudi na oda za dola 5,000. Akakusanya wanawake kuzunguka meza, huyu anakata, yule anabandika, mwingine anamalizia. Baadhi ya kadi zake zina herufi H ndogo nyekundu mgongoni. Biashara yake hatimaye ilichukuliwa na George C. Whitney, wa Worcester vilevile. Ukifika mji huo, American Antiquarian Society wana hazina ya kadi za Valentine ambayo itakutoa jasho la wivu.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza: bahasha ya nakshi si lazima iwe ya Valentine. Zilitumika kwa mialiko ya harusi na kwa barua za kawaida za kina mama. Iliyogongwa mwezi Juni ni bahasha nzuri, lakini usiilipie bei ya mapenzi. Ya pili: tarehe 14 Februari si lazima iwe Valentine. Mwanasheria naye alituma barua siku hiyo. Ninachotaka ni vyote viwili, nakshi na Februari, au la sivyo kadi yenyewe iwe bado imo ndani.

Na ikiwa kadi imo ndani, usishangilie upesi. Wauzaji huoza kadi ya huku na bahasha ya kule, ndoa isiyo na wazee. Kadi iingie bila kulazimishwa. Mikunjo ilingane. Kadi iliyokaa ndani ya bahasha miaka zaidi ya 150 huacha kivuli cha rangi ya chai upande wa ndani, chenye umbo lake. Kivuli kikiwa kikubwa kuliko kadi, aliyelala humo alikuwa mwingine.

Hatua ya nne: vifaa

Si vingi. Lenzi ya kukuza mara kumi. Kibano cha stempu chenye ncha bapa, si kile cha kunyolea nyusi. Kipimo cha meno, yaani kikadi kinachokuambia idadi ya meno ndani ya sentimita mbili: stempu za 1857 zina karibu 15 na nusu, za 1861 zina 12, kwa hiyo kikadi cha bei ndogo kinaweza kukuokolea pesa nyingi. Na taa ya urujuanimno, ile wanayokagulia noti bandia dukani. Karatasi ya karne ya 19 haing'ai chini yake. Karatasi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, zinawaka weupe wa buluu. Nakala mpya, gundi mpya, kona iliyozibwa juzi, vyote hujisaliti hapo.

Kwa bei na namba za stempu utahitaji katalogi ya Scott, toleo lile maalumu la Marekani, kwa kuwa linaonyesha thamani ya stempu ikiwa juu ya bahasha. Toleo la miaka kadhaa nyuma linatosha.

Hatua ya tano: namna ya kuikagua

Nitaeleza kwa bahasha iliyonitia hasara, maana ndiyo iliyonifundisha.

Niliikuta kwenye soko la vitu kuukuu. Nakshi safi, anwani ya mwandiko wa kulala kwa wino uliogeuka kahawia, muhuri wa mviringo wa mji mdogo wa hukuhuku Massachusetts: FEB 14. Mwaka haukuwepo, jambo la kawaida kwa mihuri ya wakati ule. Kona ya kulia, stempu ya waridi ya senti 3, ya 1861, imefutwa, yaani imegongwa isitumike tena, kwa muhuri mweusi wa vifito. Nikatoa dola 85 bila hata kuomba punguzo. Mpwa wangu aliyekuwa nami akaniuliza, "Mjomba, mbona hukuitazama nyuma?" Nikamjibu kwamba uzuri uko mbele.

Nyumbani nikawasha taa ya meza, nikaiinua bahasha mbele ya mwanga. Chini ya stempu kulikuwa na kivuli. Nikaweka lenzi: mistari miwili ya wino, kisha duara dogo. Ilikuwa PAID 3, muhuri wa mtu aliyelipa senti tatu taslimu dirishani, kabla stempu hazijawa lazima. Barua ile ilisafiri bila stempu yoyote mwanzoni mwa miaka ya 1850, na mtu wa baadaye, huenda miaka mia baadaye, akaona pengo akaliziba kwa stempu ya 1861 iliyokwisha kutumika. Vifito vya muhuri vilikuwa juu ya stempu tu. Vilipofika ukingoni vilikatika, kana kwamba bahasha haikuwepo.

Hapo ndipo pa kuangalia kuliko pengine popote. Muhuri uanzie juu ya stempu na uteremke kwenye karatasi ya bahasha bila kuvunjika, wino uleule, mstari uleule. Stempu ya namna hiyo nasema imefungwa. Ambayo haikufungwa inaweza kuwa halali, kwa sababu makarani wa posta hawakuwa wakitufikiria sisi, lakini ibebe mashahidi wengine wa kutosha.

Kwa hiyo, ukiwa na bahasha mkononi, fuata mtiririko huu. Geuza nyuma kwanza. Kifuniko kipo chote? Kimechanika na kuunganishwa? Inua mbele ya mwanga utafute maandishi au mihuri chini ya stempu. Lenzi kwenye ukingo wa stempu, pande zote nne, ukifuata wino unapovuka. Tazama gundi: ikitokeza pembeni nyeupe na inang'aa, uliza maswali. Tazama kama stempu ina alama za kalamu zilizosuguliwa, maana posta nyingi ndogo zilifuta stempu kwa kalamu na wajanja huosha wino huo wagonge muhuri mzuri zaidi. Kisha hesabu ada: mji huu hadi mji ule, mwaka huu, ilipaswa kuwa ngapi? Mwisho kabisa ndipo uangalie uzuri.

Kuna mihuri ya kuchonga ambayo inastahili neno. Miaka ya 1860 makarani wengine walichonga vizibo vya chupa na kuvitumia kufutia stempu. Maarufu kuliko wote ni John W. Hill wa Waterbury, Connecticut, aliyechonga kuku anayekimbia, nyuki, nyuso za watu na mioyo. Muhuri wa moyo kwenye bahasha ya Februari unavuta pesa kama sumaku, na palipo na pesa hapakosi mtu mwenye kizibo kipya na kisu kikali. Moyo usio na cheti cha wakaguzi mimi sinunui.

Hatua ya sita: mahali pa kununua, na cheti

Kwa aliye Marekani, maonyesho ya stempu ndiyo mahali salama pa kuanzia, kwa kuwa unaishika bahasha na unaongea na muuzaji uso kwa uso. Wengi wana kasha lililoandikwa Valentine. Uliza, usione haya. Huku kwetu kuna pia Brimfield, soko kubwa la vitu vya kale linalofanyika mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba. Pale bahasha huwa zimechanganyika na vijiko na fremu za picha, na muuzaji huenda anajua samani kuliko posta. Hilo linaweza kukufaa au kukuumiza.

Kwa aliye Dar, Nairobi au Dubai, mnada wa mtandaoni ndio njia. Kabla ya kutaja bei, pitia kumbukumbu za minada iliyopita. Robert A. Siegel wa New York wameziweka wazi mtandaoni, na humo utaona bahasha inayofanana na yako iliuzwa kwa kiasi gani hasa, si kiasi ambacho mtu alitamani. Muombe muuzaji picha nne: mbele, nyuma, stempu kwa karibu kabisa, na bahasha ikiwa imeinuliwa mbele ya mwanga. Akikataa hiyo ya nne, umeshapata jibu lako. Kubalianeni kwa maandishi kwamba ikikutwa na kasoro itarudishwa, na itumwe kwa rejesta, katikati ya kadi mbili ngumu.

Bahasha ya bei kubwa ipelekwe kwa wakaguzi kabla hujailipia au ndani ya muda wa kurudisha. Wanaoheshimiwa ni Philatelic Foundation ya New York na American Philatelic Society, ambao makao yao ni Bellefonte, Pennsylvania. Soma cheti chote, neno kwa neno. Kuna tofauti kubwa kati ya cheti kinachosema stempu ni halisi na kinachosema stempu ilianzia safari yake kwenye bahasha hii. Muuzaji wangu wa dola 85 angeweza kupata kile cha kwanza bila kusema uongo hata mmoja.

Bajeti? Anza na Washington wa senti 3 wa 1851 au 1857. Kwanza nunua bahasha tano za kawaida kabisa, zisizo na nakshi, za bei ndogo, kwa ajili ya kuzoeza jicho. Zikague, zipime, zitafutie ada. Ukishaona tofauti ya muhuri uliopigwa 1853 na ule uliochorwa kwa mkono, ndipo uingie kwenye nakshi.

Hatua ya saba: kuzitunza, hasa pwani

Mtu wa pwani akiona karatasi ya thamani hukimbilia kuilaminisha. Nakuomba, usifanye. Joto la mashine huua gundi, hubamiza nakshi, na hakuna atakayeweza kuitoa tena. Selotepu nayo ni haramu, na kalamu ya wino pia. Ukitaka kuandika kitu, andika kwa penseli laini kwenye ukurasa, si kwenye bahasha.

Tumia mifuko ya poliesta, ile angavu isiyonuka. Plastiki laini yenye harufu kama ya mpira mpya ina PVC, na baada ya miaka huanza kutoa jasho linaloharibu wino wa stempu. Nyuma ya bahasha weka kadi isiyo na asidi. Shikilia kwa vipembe vya kubandikia picha, usigundishe chochote. Kadi ya Valentine iishi mfuko wake wa pekee pembeni ya bahasha. Ukiichomoa na kuirudisha kila mgeni akija, lesi itabaki hadithi.

Adui mkubwa wa Tanga, Mombasa na Unguja ni unyevu. Karatasi huanza kutoa madoa ya kahawia kama kutu, kisha ukungu, kisha viwavi wa karatasi hupata chakula. Weka albamu zikiwa zimesimama, zisibanane, kwenye kabati la ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Vifuko vya chembe za kunyonya unyevu visaidie, na vibadilishwe au vikaushwe vinapolewa maji. Kila mwezi fungua kurasa zipate hewa, siku kavu, mbali na jua. Jua la dakika chache halina neno; la kuning'iniza ukutani ndani ya fremu litamaliza wekundu wa Washington kabla mtoto wako hajamaliza shule ya msingi.

Hatua ya nane: andika ukurasa

Kila bahasha ipate ukurasa wake siku uliyoipata, kabla hujasahau. Andika muhuri unasomekaje herufi kwa herufi, stempu ni ipi na namba yake ya Scott, ada na sababu ya ada, kutoka wapi kwenda wapi, nakshi za nani kama jina lipo, ulinunua lini, bei gani, na kasoro zote bila kuficha. Atakayeifungua albamu hii baada yako anaweza kuwa hajawahi kugusa stempu.

Ukurasa wa ile ya dola 85 sikuutoa. Stempu niliiacha palepale, na chini yake nimeandika kwa penseli: "PAID 3, kati ya Julai 1851 na mwisho wa 1855. Barua haikuwa na stempu. Ya waridi imeongezwa, usiiuze kama halisi. Nakshi: Mansell, kona ya chini kushoto." Jina hilo nililiona mwezi wa tatu baada ya kuinunua, asubuhi moja nikiwa nakunywa chai dirishani.